Penseli ya Kucha

Katika mtoto wa meza yangu hapa Shinyanga mna kisanduku cha bati, na ndani yake mna vitu viwili ambavyo wajukuu wangu hawaruhusiwi kuvigusa bila idhini. Cha kwanza ni penseli ya chuma. Cha pili ni boksi la penseli za mbao kumi na mbili, ambalo halijafunguliwa tangu mwaka 1993. Watu wa nyumbani wanadhani kwamba navitunza kwa sababu ya uzee, maana mzee husemwa kuwa ni mtu wa kuweka vitu visivyotumika. Leo nataka kueleza habari za vitu hivyo viwili. Lakini kwa kuwa nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, siwezi kuanza katikati. Ndugu msomaji anivumilie tuanze mwanzo, yaani kwenye penseli yenyewe.

Niliingia darasa la kwanza mwaka 1958. Miezi ya mwanzo tuliandika mchangani kwa kidole, chini ya mti, kisha tukapewa vibao. Penseli niliiona mikononi mwa wakubwa wa darasa la tatu. Mwalimu wetu hakuiita penseli. Aliiita kalamu ya risasi. Sisi watoto tuliamini kwamba ndani ya ule mti mlikuwa na risasi ya bunduki iliyonyooshwa ikawa nyembamba, na mwenzetu mmoja alikataa katakata kuinyonya ncha yake kama wengine walivyofanya, akiogopa kulipuka tumbo.

Baadaye nilijifunza kwamba ndani ya penseli hamna risasi hata chembe, wala ya bunduki wala ile metali laini ya kijivu. Kilichomo ni madini ambayo siku hizi hapa Tanzania tunayaita kinywe. Jina tulilirithi kwa Waarabu, ambao nao husema kalamu ya risasi, na Waingereza na Wajerumani wamekosea vivyo hivyo katika lugha zao. Chanzo cha kosa ni kimoja. Katika karne ya 16 kulipatikana huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, kinywe kigumu na safi kilichoweza kukatwa kwa msumeno kama sabuni. Watu walioona jiwe jeusi linaloacha alama ya kijivu walidhani ni aina ya risasi, na jina likashika. Mwaka 1779 mwanakemia Carl Scheele wa Sweden alionyesha kwamba ni kaboni, ndugu wa mkaa. Miaka kumi baadaye Mjerumani Werner akayapa madini hayo jina la kitaalamu, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Kosa la jina la kawaida halikufutika. Nimeona mara nyingi kwamba kosa likishazoeleka midomoni, hata wenye kujua huendelea kulitumia.

Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi akapima hewa iliyotoka, akathibitisha kwamba almasi nayo ni kaboni tupu. Basi penseli ya mtoto wa darasa la kwanza na almasi ya malkia ni kitu kimoja. Tofauti ni namna chembe zilivyoshikana. Ndani ya almasi kila chembe imeshikwa pande zote na wenzake, ndiyo maana hakuna jiwe la asili linaloishinda kwa ugumu. Ndani ya kinywe chembe zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza kama karatasi zilizorundikwa mezani. Unapoandika, unaacha tabaka chache juu ya karatasi.

Jambo hili nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka walikuwa wakigeuka kutazama upande wa Mwadui. Maana sisi watu wa Shinyanga tumekulia karibu na almasi. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aligundua pale Mwadui mwamba wa kimbalaiti wenye eneo la hekta 146, miongoni mwa mikubwa kabisa duniani iliyowahi kuchimbwa kwa faida. Mwaka 1947 ilitoka humo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huohuo; ilipokatwa na kusuguliwa ikabaki karati 23.6. Williamson alifariki mwezi wa Januari 1958, mwaka ule ule nilioanza shule, na mgodi ukanunuliwa na serikali pamoja na kampuni ya De Beers, nusu kwa nusu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifanya kazi Mwadui katika chumba cha ramani. Hakuwa mpima ardhi. Alikuwa msaidizi wa wachora ramani, na kazi yake ilikuwa kunakili michoro juu ya karatasi angavu na kuandika namba ndogo za vipimo. Alikuwa na mwandiko ambao sijaona mwingine kama huo. Alipokuja nyumbani likizo tulimkuta asubuhi amekaa kivulini, ananoa ncha ya penseli yake juu ya kipande cha msasa, polepole, akiizungusha vidoleni. Penseli yenyewe haikuwa ya mti. Ilikuwa ya chuma, nzito kidogo, na mdomoni mwake mlikuwa na kucha tatu zilizobana risasi yenye unene wa milimita 2. Ukibonyeza kitako, kucha zinafunguka, ukiachia, zinabana. Yeye aliiita penseli ya kucha, na mimi sina jina bora kuliko hilo.

Lazima niseme kidogo juu ya ukoo wa penseli ya namna hiyo. Kushika kinywe ndani ya kishikio ni jambo la zamani kuliko penseli ya mbao tuijuayo. Mwaka 1565 Conrad Gesner wa Uswisi, katika kitabu chake juu ya mawe na visukuku, alichapisha mchoro wa kifaa cha kuandikia: kipande cha madini kimechomekwa katika bomba la mti. Mbao za kugundishwa pande mbili zikafuata. Mwaka 1795 Mfaransa Conté, kwa kuwa vita vilizuia kinywe cha Uingereza kufika kwao, alisaga kinywe hafifu, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi, akakichoma katika tanuri kama chungu. Udongo ukizidi, risasi inakuwa ngumu na alama yake hafifu. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Herufi zinazoonyesha ugumu na weusi kwenye penseli, H na B, zinapima mchanganyiko huo. Kila mfinyanzi wa Usukuma angemwelewa Conté bila mkalimani.

Mwaka 1822 Waingereza wawili, John Isaac Hawkins na Sampson Mordan, walipata hataza ya penseli ya chuma ambayo risasi yake husukumwa mbele kadiri inavyoisha. Mordan alikuwa fundi wa vitu vya fedha, na penseli zake zilikuwa pambo la mabwana. Mwaka 1915 Mjapani Tokuji Hayakawa, fundi wa vyuma wa Tokyo, alitengeneza penseli ya kusukuma iliyopata soko hadi ng'ambo. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliangamiza kiwanda chake, na likamwulia mke na watoto wawili. Alihamia Osaka akaanza upya, safari hii kwa redio, na kampuni yake ikachukua jina la ile penseli: Sharp. Wengi waliokuwa na redio au kikokotoo cha Sharp hawakujua kwamba jina lile lilikuwa la penseli. Mwaka 1929 huko Geneva kampuni ya Caran d'Ache ilitoa penseli ya kucha iliyoitwa Fixpencil, na wachora ramani wa dunia nzima wakazipenda za namna hiyo, kwa sababu urefu wa penseli haupungui mkononi na uzito wake haubadiliki tangu asubuhi hadi jioni. Zile nyembamba za kubonyeza, za milimita 0.5, ambazo wanafunzi wa sekondari wanazo leo, zilingoja mpaka miaka ya 1960, wakati kampuni ya Pentel ya Japani ilipotumia utomvu wa kiwandani badala ya udongo. Risasi ya udongo ikiwa nyembamba kiasi hicho huvunjika hata kabla ya kuandika.

Penseli ya mjomba ilitoka Chekoslovakia, katika kiwanda cha Koh-i-Noor. Jina hilo ni la almasi maarufu ya India iliyomo katika taji la Uingereza. Kiwanda cha Hardtmuth kiliipa jina hilo penseli yake ya bei ghali mwishoni mwa karne ya 19. Mjomba alilijua jambo hilo, akalifurahia sana. Alikuwa akisema kwamba katika Mwadui nzima yeye peke yake ndiye mfanyakazi anayetembea na almasi mfukoni mchana kweupe.

Nilipomaliza mafunzo ya ualimu Butimba, Mwanza, mwaka 1971, alinipa penseli ile pamoja na kikopo cha risasi za akiba. Alinipa na neno. Alisema, "Mpwa wangu, utakuwa mtu wa kuandika juu ya watu wengine. Andika kwanza kwa kitu kinachofutika. Ulale. Ukiamka bado ni kweli, ndipo uandike kwa wino." Nilikuwa na miaka ishirini. Niliitikia kama vijana wanavyoitikia wazee, nikakumbuka penseli kuliko neno.

Mwaka 1976 nilifanywa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya kijijini katika mkoa wetu. Ulikuwa wakati wa mambo makubwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto wa umri wa shule aingie darasani, na lengo la utekelezaji likawekwa mwaka 1977. Vijiji vilikuwa vipya, madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na watoto walikuja kwa mamia. Walimu hawakutosha. Ndipo serikali ilipochukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka shuleni wafundishe huku wakijifunza ualimu kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa msaada wa walimu wenyeji. Wapo waliowacheka kwa jina la walimu wa UPE. Mimi niliyewaona kwa macho nasema kwamba nchi ilifundishwa kusoma na vijana wale.

Alikuja kwangu mmoja wao, kijana mrefu, mkimya, mtoto wa mjane. Nilimpa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya tisini. Kwa desturi ya shule niliwapa walimu penseli mbili mbili kwa muhula, na kalamu ya wino moja. Kijana huyu alirudi baada ya wiki mbili kuomba penseli nyingine. Nikamwambia, "Umekwisha kupewa." Akarudi tena, nikamjibu vilevile, safari hii kwa ukali kidogo. Hakurudi mara ya tatu.

Vifaa vilikuwa haba, na baada ya vita vya Kagera kuanza mwishoni mwa mwaka 1978 vikawa haba zaidi. Ubao tuliupaka weusi kwa unga wa betri kuukuu za redio na tochi. Hata mimi, risasi za akiba za mjomba zilipobaki mbili, niliifungia penseli ya kucha nisiitumie ila kwa kazi kubwa. Kazi kubwa kwangu ilikuwa ripoti za walimu. Nilikuwa nimeanza kulifuata neno la mjomba bila kujua: ripoti zote niliziandika kwanza kwa penseli, nikazilaza usiku mmoja.

Mwezi mmoja wa 1979 niliambiwa asubuhi kwamba gari la ofisi litapita mchana huohuo kuchukua fomu za walimu wanafunzi, na sitaliona tena kwa wiki nyingi. Nilikagua madaftari ya maandalio ya masomo. La kijana yule lilikuwa tupu kwa muda wa wiki tatu. Nilimwita nikamwuliza. Alisimama mbele ya meza yangu, akasema, "Sina maandalio, mwalimu mkuu." Hakuongeza neno. Ukimya wake niliuona kuwa ni kiburi. Gari lilikuwa linanguruma nje. Nilichukua kalamu ya wino, nikaandika katika fomu: mvivu, hafuati taratibu, sipendekezi aendelee. Nikatia saini na muhuri. Penseli ya kucha ilikuwa ndani ya mtoto wa meza, kiasi cha mkono mmoja.

Baada ya kama wiki nne barua ilirudi kumwondoa katika mafunzo. Aliipokea, akaniamkia, akaenda zake. Siku iliyofuata niliingia mwenyewe darasani kwake, kwa kuwa sikuwa na mwalimu mwingine. Niliwaambia watoto waandike irabu. Wakatoa penseli. Kila mtoto wa safu za mbele alikuwa na kipande kifupi kama kidole gumba cha mtoto mchanga, kimechongwa kwa wembe pande zote mbili. Vipande vyote vilikuwa vya rangi moja, zile penseli nilizokuwa nikigawa ofisini. Niliwauliza wamezipata wapi. Binti mmoja mdogo akasimama akasema, "Mwalimu alitukatia."

Nikaelewa. Penseli zake mbili alizikata vipande, na kila muhula vivyo hivyo. Nilipotafuta zaidi nilijua kwamba hata nyingine alinunua kwa posho yake alipozipata dukani. Kalamu yake ya wino alimpa mwenzake wa darasa la nne. Maandalio yake hayakuwa katika daftari. Yalikuwa kichwani, na watoto wale tisini walijua kusoma silabi kuliko darasa lolote la kwanza nililokuwa nimekagua. Ni kweli hakufuata taratibu. Uvivu haukuwapo.

Nilipanda baiskeli hadi ofisini. Nilieleza. Mtu niliyemkuta alinisikiliza kwa adabu, akaniambia kwamba fomu zimekwisha kwenda juu, zimeandikwa kwa wino na zina muhuri, na kwamba mwalimu mkuu anayebadili ripoti yake mwenyewe baada ya mwezi atafanya watu watilie shaka ripoti zake zote. Maneno yale yalikuwa na akili ndani yake. Niliandika barua. Sikujibiwa. Niliporudi kijijini kumtafuta kijana kwa mama yake, niliambiwa amekwenda Geita.

Zamani Geita ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza katika miaka ya 1930, nao ulifungwa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa haukufunguliwa mpaka mwaka 2000. Katikati hapo dhahabu ilibaki kwa wachimbaji wadogo, wenye sururu, kamba na tochi. Vijana wa Usukuma walikwenda huko kama wazee wao walivyokwenda kuchuma pamba.

Mwaka 1992 nilikwenda Geita kwenye msiba, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa imekuwa mwaka 2012. Baada ya matanga mwenyeji wangu alinichukua hadi Nyarugusu kuona machimbo. Tulifika kwenye duara moja mvua imetoka kunyesha. Vijana walikuwa wanapandisha mifuko ya mawe kwa kamba, na pembeni, chini ya turubai, alikaa mtu mwenye daftari, na penseli imefungwa kwa uzi shingoni. Alinitazama kabla sijamtambua. Akasimama, akasema, "Shikamoo, mwalimu mkuu."

Alikuwa karani wa duara. Kila mfuko uliotoka aliuandika: wa mwenye eneo, wa mwenye duara, wa wachimbaji. Alinieleza kazi yake kama mtu anayemweleza mkaguzi. Nilimwuliza kwa nini anatumia penseli katika mambo ya mali. Akanionyesha daftari lililolowa tope kingo zote. Wino, alisema, ukipata maji au jasho unatawanyika, na asubuhi hakuna anayejua nani anamdai nani, penseli haiyeyuki. Hilo ni kweli, maana kaboni haitishwi na maji wala jua. Nikatazama kurasa. Hapakuwa na mahali palipofutwa. Alipokosea alipiga mstari mmoja juu ya namba, ya zamani ikaendelea kusomeka, na ya kweli akaiandika kando.

"Huna ufutio?" nilimwuliza.

"Mwalimu," alisema, "hapa nikifuta namba moja, kesho sina kichwa."

Nilikuwa nimebeba penseli ya kucha katika mfuko wa shati. Niliitoa nikamwambia ni yake. Nikamwambia pia habari ya fomu ile, niliyoyaandika na namna nilivyokuja kujua ukweli, na safari yangu ya baiskeli. Nilizungumza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Aliisikiliza habari yote huku akiitazama penseli. Kisha akasema, "Lakini kweli sikuwa na maandalio, mwalimu."

Sijui kama lilikuwa neno la kunisamehe au la kufunga mazungumzo. Alibonyeza kitako cha penseli bila kuweka kiganja chini, kama afanyavyo kila mtu asiyeizoea, na risasi ikaponyoka yote ikazama topeni. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akanirudishia. "Hii ni ya mezani," alisema. "Ukinipenda, niletee za mti. Dazeni." Sikumwuliza ni za nini. Mfuko mwingine ulikuwa umefika juu, akainama kuandika.

Mwaka uliofuata nilinunua boksi la penseli kumi na mbili, HB, nikapanda basi hadi Geita na kutoka hapo kwa lori hadi Nyarugusu. Duara lilikuwa limejaa maji. Turubai halikuwapo. Waliobaki waliniambia kwamba watu wamehamia kwenye rashi mpya, wengine upande wa Kahama, wengine walikosikia habari njema zaidi. Karani? Karani naye kaenda na watu wake. Niliuliza mwaka huo na miaka iliyofuata. Machimbo ni kama mvua za Shinyanga. Ukisikia zimenyesha mahali, ukifika huzikuti.

Hii ndiyo habari ya vitu viwili vilivyomo kisandukuni. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema, katika mahafali na katika semina za walimu, kwamba fundisho lake ni kuandika kwa penseli. Nilisimulia neno la mjomba, watu wakapiga makofi. Lakini sehemu ya Nyarugusu sikuisimulia, kwa sababu haikukubaliana na hotuba yangu. Mjomba alisema ubora wa penseli ni kwamba inafutika. Kijana wangu aliipenda kwa sababu haifutiki: haifutwi na mvua, na yeye mwenyewe hakukubali kuifuta. Sasa nadhani wote wawili walikuwa sahihi. Mwenye madaraka ndiye anayehitaji ufutio, kwa kuwa kosa lake linamwangukia mwingine. Asiye na madaraka anahitaji kumbukumbu ambayo hakuna mkubwa atakayeweza kuifuta usiku. Na ile alama ya mstari mmoja juu ya namba, inayoacha kosa lisomeke na ukweli kando yake, ndiyo iliyokosekana katika ile fomu yangu.

Siku hizi vijana wa migodi huchora kwa kompyuta, na vyumba vya ramani vya aina ya kile cha mjomba havihitajiki. Kinywe chenyewe kimepata thamani mpya. Wanakitafuta Mahenge, Ruangwa na Nachingwea kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na pale Mirerani wachimbaji wa tanzanite hutoka shimoni wakimetameta weusi kwa vumbi lake, kana kwamba wamepakwa penseli mwili mzima. Wapo pia watu duniani wanaokusanya penseli za kucha kwa mapenzi tu, wakazisafisha na kulinganisha kucha zake na uzito wake. Siwacheki. Kitu kilichotengenezwa vizuri kinastahili kupendwa, na ile ya mjomba, baada ya zaidi ya miaka hamsini mikononi mwangu, bado inabana kama siku ya kwanza. Rasimu ya makala haya nimeiandika kwa hiyo. Jina la kijana lilikuwamo katika ukurasa wa tatu, nikalifuta, maana ni lake na hakunipa ruhusa. Ukiinua karatasi dirishani bado linasomeka.

Wiki iliyopita mjukuu wangu, aliye darasa la pili, alinikuta nimefungua kisanduku. Aliuliza za mti ni za nani. Nikamjibu kwamba ni za mtu fulani ambaye sijamwona. Akafikiri, akauliza, "Babu, na yeye akija akute hazijachongwa?" Nimekaa na swali hilo siku kadhaa. Yule aliyeniomba dazeni hakupata kuweka penseli hata moja kabatini. Zote alizowahi kupewa alizikata, akazigawa. Mimi nimeziweka kumi na mbili gizani kwa zaidi ya miaka thelathini, nikidhani kwamba namheshimu.

Shule ya msingi iliyo jirani nami ina darasa la kwanza lililojaa kama lile la mwaka 1979. Nimezungumza na mwalimu mkuu wake, binti ambaye umri wake ni wa kuwa mwanangu. Jumatatu nitakwenda na boksi lile, na wembe.